Hedhi Ikishakoma: Kalsiamu Unayokula na Ile Inayofika Kwenye Mfupa

Mfupa wa mtu mzima hauachi kubadilika. Kila siku zipo seli zinazoumega na nyingine zinazoujenga upya, na homoni ya estrojeni ndiyo inayozidhibiti zile za kumega. Hedhi inapokoma estrojeni hushuka, na umegaji huanza kuushinda ujenzi. Mfupa hupotea kwa kasi zaidi miaka michache ya mwanzo, hasa kwenye uti wa mgongo, na kwa kuwa hauumi, wanawake wengi hushtuka pale kifundo cha mkono kinapovunjika kwa kuanguka kidogo tu, au wanapopungua kimo kwa sababu pingili za mgongo zimebonyea.

Chakula hakirudishi estrojeni. Kinachoweza kufanya ni kuuzuia mwili usiichote kalsiamu mifupani kila inapopungua kwenye damu, na hilo si jambo dogo hata kidogo.

Aliyevuka miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina karibu 300, na kiasi hichohicho cha mtindi hakipungui hapo. Sardini za kopo, gramu 100, zinatoa zaidi ya 350, ila ziliwe na mifupa yake. Ukiitoa, umetupa sehemu kubwa ya kalsiamu.

Wengi hukosea hesabu kwenye mboga. Gramu 100 za spinachi iliyopikwa zina karibu miligramu 136, lakini oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye mboga hiyo, huishika kalsiamu, na utumbo hufyonza kama asilimia 5 tu: hazizidi miligramu 7. Kwenye maziwa hufyonzwa takriban asilimia 30. Mchicha nao una oksaleti nyingi. Brokoli na sukuma wiki zina kidogo, kwa hiyo kalsiamu yake hufyonzwa vizuri. Usiache spinachi, maana ina vitamini K na folati; ila usiitegemee kwa kalsiamu. Maharage yaloweke usiku kucha na umwage maji yake, ili kupunguza fiteti, kemikali nyingine ya mimea ambayo nayo huzuia ufyonzaji.

Bila vitamini D ya kutosha, kalsiamu nyingi hupita tu na kutoka. Kiwango kinachopendekezwa ni mikrogramu 15 kwa siku hadi umri wa miaka 70, kisha 20. Chakula peke yake hakiifikishi kirahisi: samaki wenye mafuta wanayo, kiini cha yai kidogo, na kiasi kikubwa hutengenezwa na ngozi ikipata jua. Asiyetoka nje, au anayejifunika mwili wote, amwulize daktari kuhusu nyongeza.

Protini husahaulika mno. Inakaribia nusu ya ujazo wa mfupa, na misuli inayokuzuia usianguke huitegemea. Lenga gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 ahitaji 60 hadi 72, zigawanywe kwenye milo yote. Mlo wa chai na mkate mtupu haufiki popote. Yai moja lina gramu 6, na gramu 100 za samaki aliyepikwa zina zaidi ya 20. Chumvi nayo ipunguzwe: kila kijiko kimoja cha chai huondoka na takriban miligramu 40 za kalsiamu kwenye mkojo.

Vidonge vya kalsiamu ni vya kuziba pengo. Kama chakula kinakupa 800, unahitaji 400 tu. Soma lebo kwa makini: miligramu 1,250 za kalsiamu kaboneti ni miligramu 500 za kalsiamu yenyewe. Usizidishe 500 kwa mara moja, kwani ufyonzaji hushuka. Kaboneti imezwe pamoja na chakula kwa sababu inahitaji asidi ya tumbo. Anayetumia dawa za kupunguza asidi hiyo ni heri atumie kalsiamu sitreti, aina isiyoitegemea asidi hiyo. Dawa ya tezi ya levothyroxine ipishane na kalsiamu kwa saa 4. Alendronate, dawa ya mifupa, humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, ukiwa wima kwa dakika 30 kabla ya kula. Ukiimeza na maziwa au kidonge cha kalsiamu, haifyonzwi. Aliyewahi kupata mawe kwenye figo aonane na daktari kabla ya kuanza vidonge vya kalsiamu, lakini asiogope maziwa wala mtindi: kalsiamu ya kwenye chakula haimwongezei hatari hiyo.