Nyumba za wafanyakazi au kompyuta? Tazama kwanza fungu la matengenezo

Kila msimu wa bajeti ukifika hapa Mombasa naulizwa: kaunti ijenge nyumba za wafanyakazi au inunue mitambo ya kompyuta? Mimi ni mhasibu wa fedha za umma, na baada ya miaka mingi ya kusoma makadirio nimeona kwamba vitu hivi viwili huuawa na ugonjwa mmoja.

Makadirio hufikishwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30 na hupaswa kupitishwa kufikia Juni 30, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Kujenga nyumba ni maendeleo, kununua seva, yaani kompyuta kuu za ofisi, vilevile. Lakini kuziba paa, kupaka rangi, kulipia leseni ya programu kila mwaka na kumlipa fundi ni matumizi ya kawaida, na fungu hilo ndilo linalobeba mishahara. Mshahara haungoji. Bati lililotoboka hungoja, na mwaka unaofuata hungoja tena.

Kaunti ilirithi mitaa ya nyumba kutoka kwa baraza la manispaa la zamani: Tudor, Mzizima, Khadija, Changamwe na mingineyo. Niliwahi kuingia nyumba moja ya aina hiyo kisiwani. Mama mwenyeji alinionyesha dari la jikoni, plasta imebanduka na nondo ziko wazi. "Baba, hebu guza hapo," akaniambia. Niligusa, kutu ikanimwagikia mkononi kama unga wa pilipili. Hewa yetu ya chumvi hupenya zege, nondo hushika kutu, kutu huvimba na kuipasua zege kutoka ndani. Ufa ukizibwa mapema ni kazi ya siku chache. Ukiachwa miaka kumi, unavunja nyumba.

Seva nayo haipendi joto na unyevunyevu. Katika ofisi moja nilikuta kiyoyozi cha chumba cha mitambo kimekufa, mlango umeachwa wazi, na feni ya mezani imeelekezwa kwenye kabati la seva. Leseni ilikuwa imekwisha muda. Makarani walikuwa wamerudi kuandika risiti kwa mkono, karatasi ya kaboni katikati, na foleni imefika ngazini. Mashine zenyewe zilikuwa bado nzima. Kilichokosekana ni pesa za kuziendesha, na iliniuma sana.

Wapo wanaosema nyumba zitajilipia kwa kodi ya pango inayokatwa kwenye mishahara ya wanaoishi humo. Hapa wengi hukosea. Kwa kifungu cha 207 cha Katiba, mapato ya kaunti huingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa sheria imeyatenga, na hayatoki bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Kodi ya nyumba ya Tudor inaweza kulipia petroli ya gari la ofisi nyingine kabisa, ikiwa bunge halikuandika fungu la ukarabati.

Nikilazimishwa kuchagua, nitaanza na nyumba za wauguzi. Muuguzi anayeishi Mtongwe, ng'ambo ya kivuko, na kufanya kazi ya usiku kisiwani hutegemea feri, na feri ikichelewa, mwenzake wodini haondoki. Lakini hata hizo nisingeziunga mkono bila kuona gharama za miaka kumi zimeandikwa kando ya bei ya ujenzi. Mitambo nayo iwe hivyo hivyo: leseni, umeme, kiyoyozi, mafunzo ya makarani.

Kwa hiyo ukienda kutoa maoni kuhusu bajeti, muombe mwakilishi wadi wako jedwali la matumizi ya kawaida la idara husika, utafute mstari wa matengenezo, uulinganishe na wa mwaka jana. Ukikuta mradi mpya umeongezwa na mstari huo haukusogea, simama useme hivyo kwa tarakimu, na uombe uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.