Kompyuta haichori katuni: dhana potofu kuhusu uigaji wa migongano ya chembe

"Mwalimu, kumbe ni katuni tu!" Ndivyo alivyosema kijana wa kidato cha sita hapa Ujiji alipoona mistari ya rangi ikitawanyika kwenye laptopu yangu. Nilikuwa naendesha Geant4, programu ya bure ambayo wanafizikia wa CERN, kituo cha utafiti wa chembe huko Ulaya, huitumia kuiga safari ya chembe ndani ya vitu.

Dhana: Uigaji ni picha.
Nilizima picha, nikaendesha upya. Majibu yakatoka yale yale, tena upesi zaidi. Kinachofanyika ni hesabu ya chembe moja moja: imefika wapi, imebaki na nishati kiasi gani, itagonga nini mbele.

Dhana: Kutumia namba za nasibu ni kubahatisha.
Hii huniudhi kuliko zote. Fizikia ndiyo inayotoa uwezekano wa kila tukio, kompyuta inapiga kura kwa kuufuata. Njia hii, Monte Carlo, ilianzia Los Alamos, Marekani, miaka ya 1940, kwa wanahisabati Stanislaw Ulam na John von Neumann. Namba zenyewe huota kutoka mbegu moja, yaani namba ya kuanzia; mbegu isipobadilika, majibu hayabadiliki, ndiyo maana yangu yalijirudia. Mnunuzi wa dagaa pale Katonga naye hahesabu gunia zima, huchota huku na kule akajua mzigo ukoje. Ila usahihi una bei: ukitaka kosa lipungue mara 10, iga matukio mara 100.

Dhana: Kazi nzito ni mgongano wenyewe.
Mgongano wa protoni mbili mara nyingi hutengenezwa kwenye kompyuta kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Kasheshe huanza chembe zinapotoka na kuingia kwenye kitambuzi, kifaa kinachozinasa, hasa kalorimita, sehemu inayopima nishati yake. Elektroni ikipita kwenye madini ya risasi hutoa fotoni (chembe ya mwanga), fotoni huzaa elektroni na positroni (pacha wake mwenye chaji chanya), nazo hutoa fotoni nyingine. Kwa hesabu ya ubaoni, idadi huongezeka maradufu kila baada ya takriban milimita 5.6. Hatua 10, yaani kama sentimita 6 tu, tayari umevuka chembe 1,000, na kila moja lazima ifuatwe hadi iishiwe nguvu. Kwa kitambuzi kikubwa kama ATLAS cha CERN, mgongano mmoja unaweza kula dakika kadhaa za prosesa. Na LHC, mashine ya CERN inayogonganisha protoni, itakapoboreshwa, mafungu ya protoni yakipishana mara moja tu yataweza kuleta migongano hadi 200 kwa pamoja.

Dhana: Nunua kadi za michoro (GPU), yameisha.
Kadi hizo ni kama wapiga makasia: zina kasi zote zikivuta pamoja. Chembe hazina umoja huo, hii inageuka, ile inafyonzwa, nyingine inagawanyika. Ndiyo maana ATLAS wamefundisha mitandao ya neva, programu za akili bandia, kukisia sehemu ya kazi ya kalorimita, kisha wanailinganisha na Geant4.

Yule kijana akauliza ingekuwaje kama badala ya boksi la risasi nililokuwa naiga tungeweka maji ya ziwa letu. Tukabadilisha jina la kitu kwenye mstari mmoja wa programu. Zile milimita 5.6 zikawa sentimita 36, na boksi letu likawa fupi mno: chembe nyingi zilitokea upande wa pili. Akalirefusha mwenyewe, akaendesha tena, picha ikiwa imezimwa.