Si kila chokaa ilikuwa matumbawe

Nimeulizwa tena: "Unguja tumekalia jiwe la matumbawe, na mafuta hukaa kwenye jiwe la chokaa. Sasa yako wapi?" Swali limebeba makosa mawili. La kwanza nalimaliza upesi: mafuta hayazaliwi kwenye matumbawe. Huiva chini kabisa, katika tope la kale lenye mabaki ya viumbe, kisha hupanda mpaka yakute mwamba wenye matundu na kifuniko juu yake. Jiwe tunalojengea liko wazi juani.

La pili ndilo linaloniudhi: kudhani kila chokaa ilikuwa mwamba wa matumbawe. Ghawar, eneo la mafuta la Saudia lililogunduliwa 1948, sehemu yake nono ina mchanga mwingi wa ooidi, punje za duara zilizokua tabaka kwa tabaka zikibingirishwa na maji ya kina kifupi. Ekofisk, eneo la mafuta la Norwei lililogunduliwa 1969, ni chaki: vigamba vya mimea midogo mno, vilivyodondoka sakafuni mwa bahari.

Shuka Chwaka siku za bamvua, maji yakishatoka. Unaanza na tope la mikoko, unaingia kwenye nyasi za bahari, kisha mchanga wenye vipande vya Halimeda, mwani wenye chokaa mwilini. Mwamba wenyewe uko mbali huko nje. Yote hayo yakiwa jiwe yataitwa chokaa, na kila sehemu itashika mafuta kivyake.

Kwa hiyo nikitazama kipande cha jiwe kwenye hadubini sianzi kutafuta tumbawe. Naanza na swali la Dunham, mwanajiolojia aliyepanga aina za chokaa mwaka 1962: baina ya punje mna tope au hamna? Likiwemo, maji yalitulia. Punje zikigusana bila tope, mkondo ulilichukua. Na tumbawe moja ndani ya tope halithibitishi kitu, dhoruba huweza kulitupa hata wangwani. Tazama kingo zake, zimelika? Limelala kichwa chini? Liliota hapo au lililetwa?

Kuna mahali nasi wanajiolojia hukwama. Dolomiti, madini yenye magnesi, ikishaila chokaa na kushika nafasi yake, punje na visukuku hufutika, zinabaki fuwele tu; wataalamu wawili hutazama kipande kilekile wakataja bahari mbili tofauti, kila mmoja na hoja yake. Tena matundu yenye mafuta mara nyingi hayakuachwa na bahari, yalitobolewa baadaye na maji yaliyoyeyusha maganda. Anayeniletea ramani ya bahari ya kale isiyo na alama hata moja ya kuuliza, namwomba kwanza sampuli za visima vyake.