Kuuzima mfumo unaoizima pikapu yako

Msimu wa korosho ukianza, kuna swali ambalo hapa gerejini Mtwara nalipata kuliko mengine yote ya umeme wa gari: "Fundi, gari yangu kwenye foleni ya ghala inajizima, nikiachia breki inawaka. Huo ni ugonjwa gani?" Si ugonjwa. Ni mfumo tunaouita oto-stopu, na pikapu nyingi za miaka ya karibuni zinakuja nao, Ford Ranger na baadhi ya Hilux zikiwemo. Nikishaeleza hivyo, swali la pili halichelewi: basi niuzimie moja kwa moja. Hapo huwa sijibu mpaka nipime betri, na sababu yake nitaifikia.

Kwanza ujue unachotaka kukizima. Kwenye gari la oto, ukikanyaga breki mpaka gari litulie, kompyuta inapitia orodha yake. Injini imeshapata moto? Betri ina chaji ya kutosha? Dereva amefunga mkanda, na mlango wake je? Boneti imefungwa? Ndani kumepoa kama alivyotaka? Yote yakiwa sawa, inakata dizeli. Moja likikosekana, injini inaendelea kuwaka kama kawaida. Ukiachia breki, stata inapiga na unaondoka. Kwenye gari la gia za mkono injini inazima ukiweka nyutro na kuachia klachi, na inawaka ukikanyaga klachi tena. Kuna madereva waliogundua kwamba wakibaki kwenye gia huku wamekanyaga klachi, injini haizimi, wakaona wamepata dawa. Dawa hiyo inakula beringi ya klachi, na kuibadilisha maana yake ni kushusha gia boksi.

Ukiingiza gia nzito za fo-wili, kwenye magari mengi mfumo unajitoa wenyewe. Kwa hiyo wanaozama kwenye mchanga wa Msimbati hawana sababu ya kuulaumu. Lakini kabla ya kufika huko, ukiwa bado kwenye gia za kawaida na gari linasuasua, bonyeza siwichi uuzime. Injini kukatika katikati ya mchanga si jambo la kutania.

Umetoka wapi wazo hili? Si jipya. Toyota waliwahi kulijaribu kwenye Crown huko Japani mwaka 1974. Lililolieneza ni sheria za moshi za Ulaya. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliweka lengo kwamba magari mapya madogo yatoe kwa wastani gramu 130 za hewa ya ukaa kwa kilomita ifikapo 2015, na mwaka 2011 wakaweka la magari mepesi ya mizigo, gramu 175. Kipimo cha maabara kilichotumika wakati ule kilikuwa cha sekunde 1,180, na karibu robo ya muda huo gari lilikuwa limesimama tu. Gari linalozima injini kila likisimama lilipata alama nzuri kwa urahisi. Ndiyo maana pia kila ukizima gari na kuliwasha kwa ufunguo, mfumo unarudi hewani hata kama jana uliuzima: gari lilipimwa likiwa hivyo, na mtengenezaji anataka liwe hivyo.

Sasa linganisha kipimo hicho na safari zetu. Kutoka Mtwara kwenda Lindi ni zaidi ya kilomita 100, kwenda Masasi karibu 200, na njia nzima unasimama ukipenda mwenyewe au ukisimamishwa na trafiki. Foleni ya taa kama ya Dar es Salaam hatuijui. Kusimama kwetu ni kwa namna nyingine: kwenye ghala la chama cha msingi Tandahimba au Newala kuanzia Oktoba, ambako pikapu zinasogea urefu wa gari moja, zinasimama, zinasogea tena. Au ukisubiri kivuko cha Msangamkuu. Na hapo ni mchana, jua la Novemba limewaka, kiyoyozi kiko juu. Mfumo ukizima injini, kompresa ya kiyoyozi nayo inasimama kwa sababu inazungushwa na mkanda wa injini. Ndani kunapata joto, kompyuta inawasha tena injini. Unasogea hatua tano, inazima. Hapo naelewa kabisa kwa nini mtu anakuja kwangu amenuna.

Upande wa mafuta nisiudharau. Maabara ya Argonne ya Marekani ilipima ikaona kwamba kusimama zaidi ya sekunde 10 injini ikiwa inawaka kunakula mafuta kuliko kuizima na kuiwasha upya. Anayekwambia kuwasha kunakunywa mafuta kuliko kusubiri anazungumzia enzi za kabureta. Lakini dizeli ya pikapu ikiwa imesimama inakula takriban lita moja kwa saa, mara nyingi chini ya hapo. Mtu ambaye kwa siku nzima anasimama dakika kumi anaokoa kidogo sana, na betri ya gari hilo bei yake unaijua. Anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta, huko Dar kwenye foleni, ana hesabu nyingine, na huyo simshauri azime.

Kuna hofu mbili ambazo nazisikia sana na nadhani zimepita kiasi. Ya kwanza ni stata. Stata ya gari lenye oto-stopu imetengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo, inahimili kuwasha mara nyingi kuliko ya kawaida, na beringi za injini nazo zimeimarishwa. Tatizo linaanza pale stata ya asili ilipokufa mikononi mwa mwenye gari wa kwanza akafungiwa ya kawaida, au kopi. Nikikuta hivyo nasema bila kusita: zima mfumo, au tafuta stata sahihi. Hofu ya pili ni tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, kuzimwa ikiwa ya moto. Kwenye foleni ya ghala tabo haijafanya kazi ya maana, imeshapoa. Umepandisha mlima wa Newala na mzigo umejaa ukasimama ghafla juu? Hapo kweli iache injini iwake kidogo, lakini hilo ni kwa kila gari la tabo, liwe na oto-stopu au lisiwe nayo.

Turudi kwenye betri, ambako shida nyingi za mfumo huu ndiko zinakoanzia. Magari haya hayatumii betri ya kawaida. Yanatumia AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, au EFB, ambayo ni ya maji lakini imeimarishwa. Zote mbili zinahimili kushuka chaji na kupanda tena mara nyingi. Kwenye pole ya hasi kuna sensa ndogo inayohesabu umeme unaotoka na unaoingia, na kompyuta inaamua mambo yake kwa hesabu hiyo. Sasa anakuja mtu wa traka, kifaa cha kufuatilia gari lilipo, anafunga kifaa chake, waya wa hasi anaubana moja kwa moja kwenye pole ya betri. Anakuja wa spotilaiti, anafanya hivyohivyo. Anayebeba samaki kutoka Mikindani anafungiwa invata ya friza, naye waya wake palepale. Umeme wote huo unapita pembeni ya sensa. Kompyuta inaamini betri imejaa, inazima injini, na ikija kuwasha, stata inakoroma. Mwenye gari anailaumu oto-stopu. Waya wa hasi wa kifaa chochote cha kuongeza ubanwe kwenye bodi au chesisi, upande wa pili wa sensa. Nikizihamisha tu waya hizo, magari mengi yanatulia na mwenyewe anaahirisha kuzima mfumo.

Kinyume chake nacho kipo. Mteja ananiambia kwa furaha, "Ya kwangu iliacha yenyewe, sijafanya chochote." Pole, bosi. Imeacha kwa sababu betri imechoka na kompyuta imegoma kuhatarisha. Pima asubuhi kabla ya kuwasha: AGM iliyojaa inasoma volti 12.8 hivi, ya maji 12.6 mpaka 12.7. Ukiona 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 ni nusu. Joto letu halisaidii. Kwa makadirio ya watu wa betri, kila joto likipanda nyuzi 10 hivi umri wa betri unapungua karibu nusu, na chini ya boneti hapa Mtwara joto halijawahi kuwa adimu. Chumvi ya bahari nayo inakula waya wa hasi unaokwenda kwenye injini. Weka mita kati ya pole ya hasi na bloku ya injini wakati stata inapiga. Tofauti ikikaribia nusu volti, fungua uusafishe kabla hujanunua kitu chochote.

Haya, betri nzima, waya safi, na bado unataka izimwe. Njia ya bure ni siwichi yenye herufi A iliyozungukwa na mshale. Unaibonyeza kila unapowasha gari. Wengi wanasema wanasahau, lakini mkanda mbona hawausahau wakiona trafiki?

Kwa anayetaka kusahau kabisa, kitu ninachokipenda zaidi ni kile kikasha kidogo cha kumbukumbu kinachokaa kati ya siwichi na soketi yake. Kinakumbuka siwichi iliachwaje mara ya mwisho, au kinaibonyeza kwa niaba yako kila gari likiwaka. Hakikati waya, hakigusi programu ya gari. Kikiharibika unakichomoa na gari linarudi kama lilivyotoka kiwandani. Uliza kwanza kama ni cha toleo la gari lako, maana soketi zinatofautiana.

Njia nyingine ni kuingia kwenye kompyuta kwa kompyuta mpakato. Kwa Ford watu wengi wanatumia programu ya FORScan na adapta ya kuchomeka kwenye soketi ya kupimia gari chini ya usukani. Ninaifanya, ila kwa masharti. Nahifadhi kwanza nakala ya mpangilio wote wa asili. Naweka chaja kwenye betri, maana umeme ukishuka katikati ya kuandika unaweza kubaki na kompyuta isiyojibu. Kisha nabadilisha kile kimoja tu nilichokusudia. Anayekuja na nambari alizozikopi mtandaoni za gari la Australia au Marekani namrudisha nyumbani. Na kama gari bado liko chini ya waranti, ongea na waliokuuzia kabla hujaniita.

Sasa ujanja ambao sifanyi hata ukinibembeleza. Wa kwanza ni kuchomoa soketi ya siwichi ya boneti. Kompyuta inaamini boneti iko wazi, oto-stopu inakaa kimya, lakini alamu ya wizi nayo inachanganyikiwa, na siku boneti ikifunguka kweli ukiwa safarini hakuna taa itakayokuonya. Wa pili ni kuchomoa sensa ya betri. Hapo altaneta inabaki haina taarifa, inachaji kwa kukisia. Wa tatu ni kudanganya kwamba kuna tela nyuma kwa kuchomeka kitu kwenye soketi ya tela. Ni kweli mfumo unazima, na pamoja nao sensa za kurudi nyuma zinazima, na kwenye magari mengine hata namna gia zinavyobadilika inageuka. Umenyamazisha kitu kimoja kwa kuwadanganya wengine watatu. Fundi atakayekuja baada yangu atahangaika siku nzima kutafuta hitilafu ambayo ni kazi ya mtu.

Ukishazima, usije ukafunga betri ya kawaida kwa kuwa "sasa haihitajiki." Altaneta za magari haya hazichaji kwa kiwango kimoja. Zinapunguza unapokanyaga mafuta, zinaongeza unapoachia au kufunga breki, na zinafanya hivyo oto-stopu iwepo au isiwepo. Betri ya kawaida kwenye mpangilio huo haidumu. Lililotoka na EFB unaweza kulipandisha AGM, ila usilishushe. Na betri mpya ikifungwa, kompyuta iambiwe kwa skana kwamba ni mpya, la sivyo itaendelea kuichaji kama ile kuukuu.

Kazi ya kubadilisha mpangilio wa kompyuta nikiimaliza, naandika kwenye karatasi thamani ya zamani na mpya, tarehe na jina la moduli, yaani kompyuta ndogo niliyoigusa, naipiga lamini na kuiacha ndani ya droo ya dashibodi. Magari hapa yanauzwa haraka, hasa baada ya mnada wa mwisho wa korosho, na anayelinunua ana haki ya kujua kwa nini herufi A haiwaki.