Kemia ya nafasi tupu: fuwele zinazovuna maji kutoka hewani

Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2025 walipewa watu watatu: Susumu Kitagawa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Richard Robson wa Chuo Kikuu cha Melbourne na Omar Yaghi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wametunukiwa kwa kujenga fuwele ambazo sehemu kubwa ndani yake ni tupu, na kazi yote hufanyika humo kwenye utupu.

Fuwele hizo kwa kifupi huitwa MOF, kutoka Kiingereza metal-organic framework, yaani kiunzi cha metali na molekuli zenye kaboni. Ioni za metali, tuseme zinki au shaba, huwa viungio, na molekuli zenye kaboni huwa nguzo za kuviunganisha. Mfano wake ni mirunda inayoshikilia zege la ghorofa bichi: miti yenyewe ni michache, nafasi kati yake ni kubwa. Tofauti ni kwamba vyumba vya MOF huingia molekuli tu. Gramu chache za MOF-5, mojawapo ya fuwele hizo, unga unaoenea kiganjani, zina kuta za ndani ambazo zikitandazwa zinafikia ukubwa wa uwanja wa mpira.

Wazo lilianzia darasani. Mwaka 1974 Robson alitaka vielelezo vya kufundishia, akapeleka mipira ya mbao karakana itobolewe matundu ya kuchomekea vijiti. Ilibidi yeye mwenyewe aonyeshe kila tundu likae wapi, na hapo akatambua kwamba matundu yakishakaa mahali pake, umbo zima limeshaamuliwa. Je, molekuli halisi haziwezi kujipanga vivyo hivyo? Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla hajalijaribu. Alichukua ioni za shaba, ambazo hupenda kushikwa pande nne, akazichanganya na molekuli yenye mikono minne. Wengi wangetarajia mchafuko usio na mpango. Zikajipanga mfano wa almasi, ila yenye uwazi mkubwa ndani. Alichapisha matokeo mwaka 1989.

Fuwele zake zilikuwa dhaifu, zikibomoka upesi. Kitagawa ndiye aliyeonyesha mwaka 1997 kwamba gesi kama methani, nitrojeni na oksijeni zinaweza kuingia na kutoka bila muundo kuanguka. Wafadhili hawakuvutiwa sana, kwa kuwa tayari zilikuwepo zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo, zinazofyonza gesi. Hoja yake, ambayo mimi naiona nzito kuliko zote, ni kwamba zeolaiti ni ngumu, wakati MOF inaweza kufanywa laini, ikabadili umbo kadiri inavyojaa na kumwaga.

Yaghi alizaliwa Amman, Jordan, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina iliyoishi chumba kimoja, bila umeme wala maji ya bomba. Akiwa na miaka kumi alijipenyeza kwenye maktaba ya shule, akafungua kitabu na kukuta michoro ya molekuli. Mwaka 1999 aliitoa MOF-5, ambayo hata ikiwa tupu huvumilia nyuzi joto 300 za Selsiasi. Baadaye kundi lake likageukia maji. Usiku unga wa MOF hunasa mvuke uliomo kwenye hewa kavu ya jangwa. Jua likiwaka, unga unapata joto na kuuachia mvuke, ambao hupozwa ukawa maji. Katika jaribio la jangwa la Arizona lililochapishwa mwaka 2018, kilo moja ya MOF-801, yenye zirkoni, ilitoa gramu 100 za maji kwa usiku na mchana mmoja, kwa jua peke yake. MOF-303, ya alumini, ilitoa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Gramu 100 ni chini ya glasi moja, kwa hiyo hatuzungumzii kuziba visima. MOF nyingine hazifai kabisa kwa maji: hiyo MOF-5 huharibika kwa unyevu. CALF-20, MOF nyingine yenye zinki, huvumilia mvuke, ndiyo maana imejaribiwa kunasa hewa ukaa kwenye kiwanda cha saruji nchini Kanada.

Anayefikiria kununua mashine ya kutoa maji hewani aulize kwanza inatumia njia gani. Nyingi zilizoko sokoni hupoza hewa kwa umeme mpaka mvuke ugeuke matone, na hutoa maji vizuri pale tu hewa ilipo na unyevu mwingi. Mahali pakavu, mashine hiyo itakula umeme mwingi kwa maji kidogo.