Eraserhead: Yanayosemwa Kuhusu Watazamaji Wake na Yaliyotokea Kweli

Mwongozaji wa filamu David Lynch alifariki Januari 2025, na kama kawaida, msanii akiondoka kazi zake hurudi midomoni mwa watu. Filamu yake ndefu ya kwanza, Eraserhead ya mwaka 1977, imerudi na uvumi wake wote. Kisa chenyewe ni kifupi. Henry Spencer, mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji mwenye nywele zilizosimama wima kama kapigwa na shoti ya umeme, anaitwa nyumbani kwa wazazi wa mpenzi wake Mary na kuambiwa kuna mtoto. Mary anasema hata hospitali hawana hakika kama kweli ni mtoto. Wanakwenda kukaa chumbani kwa Henry, kiumbe kinalia usiku kucha, Mary anashindwa kulala na kurudi kwao. Henry anabaki na kile kiumbe, pamoja na mwanamke mwenye mashavu yaliyofura anayeimba ndani ya radieta ya kupashia chumba joto.

Mtu akishaitazama, huwa na la kusema. Tatizo ni yale anayosema kuhusu watazamaji wenzake.

"Ilipotoka tu, kila mtu aliikimbia." Wengine husema kinyume chake, kwamba iligeuka gumzo siku ya kwanza. Yote mawili si kweli. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Machi 1977 kwenye tamasha la Filmex, Los Angeles, na jarida la Variety likaiponda vibaya, likiiita kichefuchefu kisicho na staha. Lynch mwenyewe aliona watu wanachoka, akakata kama dakika 20. Ile tunayoitazama leo ina dakika 89. Kisha akajitokeza msambazaji mmoja, Ben Barenholtz, ambaye tangu 1970 alikuwa amezoesha watu wa New York kwenda sinema saa sita usiku. Akaiweka Eraserhead kwenye ukumbi wa Cinema Village. Usiku wa kwanza walikuja watu 25 hivi. Ukumbi mwingine ungeitoa wiki hiyohiyo. Barenholtz akaiacha, watu wakaambiana mdomo kwa mdomo, waliokwisha kuiona wakarudi na wenzao ili wawatazame wanavyoduwaa. Ikaendelea kwa miaka katika maonyesho ya usiku wa manane, Waverly huko New York, Nuart Los Angeles, Roxie San Francisco. Kwa hiyo kuna waliotoka nje kabla haijaisha, na kuna waliorudi mara tano. Ni ukumbi uleule, filamu ileile.

Dhana inayonikera zaidi ni hii: ati anayecheka katikati ya filamu hajaelewa, au ana roho ngumu. Nimewaona watu wakikaripiwa kwa "shii!" kana kwamba wako msibani.

Hebu tazama chakula cha jioni ukweni. Henry kaketi kochini, mikono kaibana mapajani, suti imembana. Mama mkwe anamhoji kazi yake. Jikoni yuko bibi mzee asiyesogeza hata kope. Mama anampakatisha bakuli la saladi, anaishika mikono ya bibi huyo na kuichanganya saladi kwa mikono hiyo, kisha anamtia sigara mdomoni na kumwashia. Mezani baba mtu anajisifu kwa vijikuku vyake vipya, vilivyotengenezwa na binadamu, vidogo kuliko ngumi yake, na anamwomba Henry avikate. Henry anauliza kwa adabu zote kama avikate kama kuku wa kawaida. Kisu kinapogusa, kijikuku kinaanza kuchezesha miguu na kutoa ugiligili mweusi. Mama anashikwa na kifafa cha ajabu na kukimbia nje, binti anamfuata. Baba anabaki anatabasamu, anamuuliza Henry anajua nini, Henry anajibu hajui mengi ya lolote, na lile tabasamu la baba linaganda usoni kwa muda mrefu kupita kiasi.

Aliyewahi kwenda kujitambulisha ukweni, akawekewa chakula asichokijua na macho yote yakamgeukia, atacheka hapo. Na dakika mbili baadaye, mama anapombana kwenye kona kumuuliza kama amelala na binti yake, kicheko kinamkwama kooni. Mandhari ile imejengwa ili ufanye yote mawili.

Na ushahidi mzuri ni mtu aliyempa Lynch kazi iliyofuata: Mel Brooks, mchekeshaji. Stuart Cornfeld, aliyefanya kazi na Brooks, aliiona Eraserhead pale Nuart na kumtafuta Lynch. Brooks akaonyeshwa filamu kabla ya kuamua, Lynch akisubiri nje kwa wasiwasi akiamini mambo yameharibika. Brooks akatoka mbio, akamkumbatia, akamwita mwendawazimu kwa mapenzi. Ndipo ikatengenezwa The Elephant Man ya 1980, iliyoteuliwa kuwania tuzo nane za Oscar. Mzee wa vichekesho hakuona kichefuchefu kilichowatisha Variety.

Hapo pia inaanguka ile hoja kwamba filamu ni nyeusi na nyeupe kwa sababu ni ya zamani au hakukuwa na hela. Hela kweli hazikuwepo. Chuo cha filamu cha Marekani, AFI, kilitoa dola 10,000, kikawaruhusu kutumia mazizi ya farasi ya jumba la Greystone huko Beverly Hills, na upigaji ulioanza 1972 ukaburuzika kwa miaka. Lynch alisambaza magazeti, rafiki yake Jack Fisk na mkewe Sissy Spacek wakachangia. Jack Nance, aliyecheza Henry, alilazimika kuzitunza zile nywele muda wote huo. Kuna sehemu anashika kitasa cha mlango, na alipoingia upande wa pili ulikuwa umepita zaidi ya mwaka. Lakini 1977 ni mwaka wa Star Wars, rangi zilikuwa kila mahali. Weusi ule ulichaguliwa, ukawashwa taa kwa usiku mwingi, kwanza na mpiga picha Herbert Cardwell kisha Frederick Elmes. Brooks mwenyewe alikuwa ametoa kichekesho cha rangi nyeusi na nyeupe mwaka 1974, na The Elephant Man nayo haina rangi, ikiwa na bajeti ya maana.

"Yule mtoto ni kijusi halisi cha ng'ombe." Hii huelezwa kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo. Lynch hakuwahi kusema kiumbe kile kilitengenezwaje, alikataa mpaka kufa kwake, na waliofanya kazi naye walifunga midomo. Inasimuliwa kwamba hata mwendesha projekta aliyekuwa akionyesha vipande vilivyopigwa alifungwa kitambaa machoni. Nance alikipa jina la utani, Spike. Anayekuambia anajua, anakupa alichosoma kwa mwingine asiyejua.

Ipo pia ya dawa za kulevya: mtu mwenye akili timamu hawezi kuwaza hivi. Lynch wa miaka hiyo alikuwa akinywa milkshake ya chokoleti na kahawa katika mgahawa wa Bob's Big Boy karibu kila siku, na mwaka 1973 akaanza taamuli aliyoiendeleza maisha yake yote. Basi.

Wajuzi nao wana dhana yao, kwamba filamu ina jibu moja: ni hofu ya kuwa baba. Hoja ina mashiko. Lynch alipata mtoto, Jennifer, mwaka 1968 akiwa bado kijana huko Philadelphia, na binti alizaliwa na nyayo zilizopinda zikahitaji kutibiwa. Mtaa waliokaa ulikuwa wa viwanda, masizi na uhalifu, na Lynch amekiri mara nyingi kwamba mji ule ndio uliozaa filamu hii. Ila yeye aliiita filamu yake ya kiroho kuliko zote. Akaombwa afafanue. Akasema hapana. Aliongeza mahali pengine kwamba hajawahi kusoma tafsiri inayolingana na yake. Kwa hiyo mtazamaji asiye na mtoto, aliyeona ndani yake upweke wa chumba cha kupanga, hajakosea mtihani.

Na wale wanaosema haitishi kwa sababu hakuna anayeruka kutoka gizani? Mwongozaji Stanley Kubrick aliwaonyesha wenzake filamu hii wakati wa kutengeneza filamu yake ya kutisha, The Shining, ili waipate ile hali aliyoitaka. Kitisho chake kiko masikioni. Dakika za mwanzo hakuna anayezungumza (DJ wa kutafsiri sinema angekaa na maikrofoni yake bila kazi), lakini kimya hakipo hata sekunde. Lynch na fundi wake wa sauti, Alan Splet, walijaza kila chumba mvumo wa mashine, mvuke na upepo, na hauondoki hata watu wanapokula. Wengi wanaosema waliitazama wakachoka, waliitazama kwenye simu, sauti ndogo, gari zikipita nje. Vaa hedifoni, zima taa, uitazame kwa mkupuo mmoja. Ukichoka hata hivyo, umechoka kihalali.