Pointi si kila kitu: dhana potofu kuhusu wachezaji wa NBA wasiopewa haki yao

Taja jina la Jrue Holiday mbele ya mashabiki wa NBA, ligi kuu ya basketi ya Marekani, na swali linalofuata halichelewi: "Kwani anafunga ngapi kwa mechi?" Ukijibu, mjadala umefungwa. Swali hilo hilo limetumika kuwapuuza Shane Battier, Ben Wallace, Alex Caruso na wengine wengi ambao makocha wangewagombania usiku kucha. Wanasema chema chajiuza. Kwenye basketi hakijiuzi hata kidogo.

Dhana: Mchezaji mkubwa ni mwenye pointi nyingi

Tuanze na hesabu, maana wanaoipenda dhana hii hupenda namba. Pointi hazina maana mpaka ujue zimegharimu nafasi ngapi za kushambulia. Chukua wachezaji wawili. Wa kwanza kafunga 24 kwa mitupo 22 ya mchezoni na mitupo huru 6. Wa pili kafunga 14 kwa mitupo 9 ya mchezoni na mitupo huru 3. Zidisha mitupo huru kwa 0.44, jumlisha na mitupo ya mchezoni, zidisha jumla hiyo kwa 2, kisha gawanya pointi kwa jibu ulilopata. (Ni 0.44 kwa sababu si kila mtupo huru unamaliza shambulizi: faulu moja mara nyingi huzaa miwili, na kuna ule wa nyongeza baada ya kikapu kuhesabiwa.) Jibu hilo ndilo kipimo cha ufanisi wa kufunga: wa kwanza anaangukia asilimia 48.7, wa pili 67.8.

Wastani wa ligi kwa misimu ya karibuni ni kama asilimia 58. Kwa hiyo yule wa 24 amekula nafasi ambazo kwa kiwango cha kawaida zingezaa pointi 28 na ushee. Ameitia timu yake hasara ya pointi zaidi ya 4. Yule wa 14 ameiongezea 2. Sasa niambie jina la nani litaandikwa kwa herufi kubwa kesho yake.

Na hapo bado hatujavuka kwenda upande wa ulinzi, ambao ni nusu nzima ya mchezo. Fainali ya 2021, mechi ya nne, Holiday alipata mitupo 4 kati ya 20. Anayesoma karatasi ya takwimu tu atasema alikuwa mzigo. Lakini Bucks, timu yake, walishinda 109-103, na Chris Paul wa Phoenix Suns, mmoja wa wachezaji makini zaidi na mpira katika historia ya ligi, aliupoteza mara 5 huku Holiday akimganda usiku kucha. Mechi iliyofuata, Bucks wakiongoza kwa pointi moja sekunde za mwisho, Devin Booker wa Suns aliingia ndani na kugeuka, akamkuta Holiday nyuma yake. Hakupigwa kofi la mkono wala hakurukiwa: Holiday aliushika mpira na kuung'oa mikononi mwake, akakimbia, akamrushia mwenzake Giannis Antetokounmpo juu ya ringi. Tukio hilo linakumbukwa kwa sababu liliishia kwenye kikapu. Yale mengine yote ya kumchosha mpinzani tangu robo ya kwanza hayana pa kuandikwa.

Angalia na skrini, yaani kumzibia mlinzi njia kwa mwili ili mwenzako apate nafasi. Senta, yule mrefu wa karibu na ringi, anasimama, miguu imepanuka kiasi cha mabega, mikono kifuani, mgongo ukielekea pale mwenye mpira anapotaka kwenda. Akisogea wakati wa kugongwa, ni faulu ya ushambuliaji. Akisimama kwa pembe mbaya, mlinzi anapita chini kwa raha zake. Akisimama sawasawa, mlinzi anachelewa nusu sekunde, na nusu sekunde kwa mrushaji wa ligi ile ni mtupo usiosumbuliwa. Mrushaji anapata pointi 3, mtoa pasi anapata asisti, na aliyetengeneza jambo lote hapati kitu kwenye karatasi ya kawaida. NBA ilianza kuhesabu asisti za skrini hadharani mwaka 2016, na Rudy Gobert amekuwa juu ya orodha hiyo mara kwa mara. Ni yuleyule Gobert anayefanyiwa mzaha mitandaoni, mlinzi bora wa mwaka mara nne: 2018, 2019, 2021 na 2024.

Ribaundi, yaani kudaka mpira baada ya mtupo kukosa, nazo zina siri yake. Kazi ya Steven Adams mara nyingi si kuudaka mpira. Mpira ukiwa hewani, anamtafuta mpinzani kwanza, anamwekea kigasha kifuani, anageuka, anashusha nyonga mpaka ziwe chini ya nyonga za mwenzake, kisha anamsukuma taratibu mbali na ringi. Mpira unamwangukia gadi, mwendesha mpira wa timu yake. Gadi anahesabiwa ribaundi, na shambulizi linaanza papo hapo kwa sababu hakuna haja ya kusubiri pasi kutoka kwa senta. Russell Westbrook alipata wastani wa ribaundi 10.7 msimu wa 2016-17 akiwa na Adams pale Oklahoma City. Alijituma, hakuna ubishi, ila tazama tena zile mechi uone nani alikuwa akifagia njia.

Kwa hiyo, kabla ya kuniuliza mtu anafunga ngapi, mchague mchezaji mmoja na umtazame robo nzima bila kufuata mpira. Tazama miguu yake, siyo mikono. Robo moja ya dakika 12 itakufundisha kuliko video za vikapu za wiki nzima.

Dhana: Mlinzi bora ni mwenye stili na bloku nyingi

Wapo walinzi wanaopata stili 2 kwa mechi, yaani kumpokonya mpinzani mpira, kwa kukisia pasi. Wanapokosea, na hukosea mara nyingi zaidi, timu inabaki wanne dhidi ya watano. Battier alipomlinda Kobe Bryant hakuruka kutafuta bloku, yaani kuuzuia mpira uliokwisha kurushwa. Alimsukumia kwenye mitupo mirefu ya pointi mbili, ile yenye faida ndogo kuliko zote, kisha akanyoosha kiganja mbele ya macho yake bila kumgusa. Hakuna bloku iliyoandikwa, na hakuna faulu.

Dhana: Anayeanzia benchi ni mchezaji wa daraja la pili

Usiulize nani anaanza. Uliza nani yuko uwanjani dakika 5 za mwisho. Manu Ginóbili alitokea benchi katika mechi zake nyingi, akapata ubingwa mara nne akiwa na Spurs, na hakuna aliyethubutu kumtoa mechi ikiwa imebana.

Dhana: Plasi-mainasi inamaliza ubishi

Huu ni ugonjwa wa waliogundua takwimu juzi. Plasi-mainasi ya mechi moja, yaani timu yako imepata pointi ngapi zaidi au pungufu ya wapinzani ukiwa uwanjani, inapima zaidi umecheza na akina nani kuliko ulichofanya. Kaa uwanjani na Stephen Curry akiwa amewaka moto utapata +15 ukiwa umesimama tu. Chukua msimu mzima, linganisha timu akiwa ndani na akiwa nje, kwa kila mashambulizi 100, na uangalie anabadilishana na nani.

Dhana: Angekuwa mzuri angekuwa All-Star

All-Star ni mechi ya kila mwaka ya nyota wa ligi, na nafasi ni 12 kwa kila konferensi, Mashariki na Magharibi. Wale 5 wa kuanza hupatikana kwa kura, nusu za mashabiki, robo za wachezaji, robo za waandishi; makocha wanachagua 7 waliobaki. Mike Conley alikaa Memphis miaka yote ile, Magharibi kukiwa na Curry, Paul, Westbrook na Harden. Aliingia mara ya kwanza 2021, msimu wake wa 14, tena kwa kujaza nafasi ya Booker aliyeumia.

Dhana: Skauti hawakosei, ndiyo maana hakuchaguliwa mapema

Kwenye drafti, ambako timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu zikisikiliza skauti, watafuta vipaji wao, Nikola Jokić alichaguliwa wa 41 mwaka 2014. (Na tafadhali, mwenye tuzo tatu za MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, hayumo tena kwenye kundi la waliosahaulika.) Ben Wallace hakuchaguliwa kabisa 1996, akawa mlinzi bora wa mwaka mara nne, bingwa wa 2004 na Detroit, na yumo katika Ukumbi wa Heshima akiwa na wastani wa pointi 5.7.

Caruso naye hakuchaguliwa, 2016. Mechi ya saba dhidi ya Denver, Mei 2025, timu yake, Oklahoma City Thunder, ilimpa kazi ya kumlinda Jokić, yeye akiwa na mita 1.96 na mwenzake 2.11. Hakujaribu kumzuia kutoka nyuma, maana hapo kimo kingemmaliza. Alisimama mbele yake, kati yake na mpira, akimnyima pasi ya moja kwa moja. Pasi ikalazimika kupita juu ya kichwa, polepole, na nyuma kulikuwa na msaidizi anayeisubiri. Thunder walishinda 125-93, na mwezi uliofuata wakachukua ubingwa.